Kadi ya Mtu Aliyekataa

Juma hili nawaomba tuzungumze juu ya kipande cha karatasi ngumu. Urefu wake ni kama kidole cha shahada cha mtu mzima, na upana wake ni vidole viwili hivi. Upande mmoja kina picha ya mwanamume mwenye uso mpana na mabega ya mchimba makaa ya mawe, kazi ambayo kweli aliifanya angali mtoto. Upande wa pili kina tangazo la sigara. Kipande hicho kilitolewa bure, ndani ya pakiti ya sigara, huko Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwezi Agosti mwaka 2022, kimoja kati ya vichache vilivyosalia kiliuzwa kwa dola milioni 7 na robo. Dola, wala si shilingi.

Sina nia ya kuwasuta Wamarekani kwa jinsi wanavyotumia fedha zao. Fedha ni zao. Ninachotaka tujiulize ni hiki: mtu akinunua kitu kwa bei ya chini, kisha akakiuza kwa bei ya juu bila kukiongezea hata tone moja la jasho lake, je, huyo amefanya biashara au amelangua?

Sisi tunalo neno hilo, kulangua, na ni neno zito. Wazee wetu wa Tanzania wakilisikia wanakumbuka mwaka 1983, wakati Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipoendesha vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sheria maalumu ilipitishwa, msako ukafanywa nyumba kwa nyumba, na waliokuwa wamerundika sabuni, sukari na mafuta ya kupikia wakawa wanavitupa usiku ili visikutwe kwao asubuhi. Baadaye neno hilo hilo likahamia kwenye milango ya viwanja vya mpira, kwa vijana walionunua tiketi za Simba na Yanga kwa mafungu na kuziuza maradufu wakati mashabiki wamekwishajaa nje.

Lakini sukari ni sukari. Mmoja akiificha, mwenziwe anakunywa chai ya chumvi. Tiketi nayo ina saa yake. Filimbi ikilia, imekwisha. Kadi ya picha hailiwi, haivaliwi, na haina saa. Aliyeikosa hakulala na njaa. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba katika biashara ya kadi hakuna suala la haki wala dhuluma, ni watu wazima tu wanaochezea fedha zao.

Mimi naona kinyume. Muuza sukari anaweza kujitetea kwa nauli ya lori, kodi ya ghala na panya waliotoboa magunia. Muuza kadi hana lori wala ghala. Ukiondoa subira na bahati, faida yake inatoka mahali pamoja tu, katika kile anachokijua yeye na asichokijua mwenziwe. Kwa hiyo hapa biashara inasimama bila nguo, na tunaweza kuitazama mwili mzima.

Turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, kampuni za sigara za Marekani ziliweka kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti zao laini ili sigara zisivunjike. Muda si mrefu zikaona si vibaya karatasi hiyo ichapwe picha. Zikachapa waigizaji wa kike, bendera, ndege wa porini, na wachezaji wa besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo ambao kwa Wamarekani ulikuwa kama kandanda ilivyo kwetu. Baba alinunua sigara, mtoto akadai picha. Kati ya mwaka 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco, iliyokuwa imeshika biashara ya sigara kwa ukiritimba hadi Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilipoamuru ivunjwe mwaka huo wa 1911, ilitoa mfululizo wa kadi 524 za wachezaji wa besiboli.

Miongoni mwa wachezaji hao alikuwamo Honus Wagner wa timu ya Pittsburgh Pirates. Huyu alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1874. Mara 8 aliibuka kinara wa wapigaji katika ligi yake, na mwaka 1936, walipochaguliwa wachezaji 5 wa kwanza kuingizwa katika jumba la kumbukumbu la mchezo huo, yeye alikuwa mmojawapo. Kwa ufupi, bila yeye mfululizo wa kadi ungekuwa kama pilau isiyo na nyama.

Kampuni ilimwendea John Gruber, mwandishi wa habari za michezo wa mjini Pittsburgh, ikamwahidi dola 10 iwapo angempatia kibali cha Wagner. Kwa mujibu wa gazeti la The Sporting News la mwaka 1912, Wagner alijibu kwa barua kwamba hataki picha yake iwe ndani ya sigara. Na kwa kuwa hakutaka Gruber apate hasara kwa ajili ya msimamo wake, aliambatanisha hundi ya dola 10 kutoka mfukoni mwake.

Tangu hapo watu wamebishana. Wapo wanaosema Wagner hakutaka watoto wavutwe na picha yake kwenye tumbaku. Wapo wanaosema alitaka tu kulipwa. Hao wa pili wanaleta ushahidi kwamba Wagner mwenyewe alikuwa mtumiaji wa tumbaku. Kwangu huo si ushahidi. Ni wazazi wangapi mnaowafahamu wanaovuta pakiti nzima kwa siku, na wakimkuta mtoto na kishungi wanamtandika? Na mtu anayetaka kulipwa hatoi hundi. Lakini sababu iwe hii au ile, jambo moja halina ubishi: alikataa. Uchapaji wa kadi yake ukasimamishwa. Zilikuwa zimekwishatoka chache tu, na zinazojulikana kubaki leo hukadiriwa kuwa kati ya 50 na 60.

Hapo ndipo ilipotoka ile milioni 7 na robo. Kadi za wachezaji wengine wa mfululizo ule, waliokubali, zipo kwa maelfu na nyingi zinanunulika kwa bei ya viatu. Kadi ya Wagner ni ghali kwa sababu mwenyewe alisema hapana. Kila aliyeiuza tangu hapo ameuza hapana ya mtu mwingine, na mwenye hapana yake, aliyefariki mwaka 1955, hakuona hata senti. Sisemi alistahili kulipwa; hilo nitalirudia. Nasema tu kwamba ni jambo la ajabu, na afadhali tuliweke mezani kabla ya kuhesabu faida za wengine.

Mtu wa kwanza aliyeipa kadi hiyo bei kwa maandishi hakuwa mfanyabiashara. Jina lake Jefferson Burdick, mkazi wa Syracuse katika jimbo la New York, fundi wa kuunganisha vifaa vya umeme kiwandani, mseja, mgonjwa wa baridi yabisi iliyompinda vidole. Kuanzia miaka ya 1930 Burdick aliorodhesha kadi zote alizoweza kuzisikia au kuziona, akazipa herufi na namba. Mfululizo ule wa sigara aliupa alama T206, herufi T ikiwa ni ya tumbaku ya karne ya 20, na alama hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo na watu wanaonunuliana kwa mamilioni. Katika orodha yake kadi nyingi zilikuwa za senti. Ya Wagner aliiandikia dola 50. Wakati huo watu waliona hiyo ni kufuru.

Burdick alikusanya vipande vya karatasi zaidi ya 300,000, na kati ya hivyo kadi za besiboli zilikuwa zaidi ya 30,000. Angeweza kuviuza kidogo kidogo akapata nyumba nzuri na daktari mzuri. Alivitoa bure kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, ili mtu yeyote aweze kuviona. Tangu mwaka 1947 hadi 1963 alikuwa akienda huko kubandika kadi ndani ya vitabu kwa mikono yake ile iliyopinda. Januari 1963 alimaliza. Aliwaaga wafanyakazi akisema hatarudi tena, akaingia hospitali, na mwezi Machi akafariki dunia. Kadi ya Wagner imo ndani ya mkusanyo huo.

Sasa mtazame mtu wa pili. Mwaka 1985, katika duka moja la kadi huko Hicksville, mji mdogo nje ya New York, mnunuzi mashuhuri aitwaye Bill Mastro alilipa dola 25,000 kwa kadi moja ya Wagner. Miaka miwili baadaye aliiuza kwa dola 110,000. Kadi hiyo haikukaa tena. Mwaka 1991 ilinadiwa na nyumba ya mnada ya Sotheby's, ikachukuliwa kwa dola 451,000 na mchezaji maarufu wa hoki ya barafu, Wayne Gretzky, pamoja na mshirika wake Bruce McNall. Mwaka huo huo kampuni mpya ya kupima ubora wa kadi, PSA, iliifanya kuwa kadi yake namba 1 kabisa, ikaifunga ndani ya plastiki na kuipa alama 8 kati ya 10. Kadi ya sigara ya mwaka 1909 yenye pembe kali kama wembe! Watu walishangaa, na mshangao ukageuka kuwa bei.

Mwaka 1995 duka kubwa la Walmart na wenzake waliinunua kwa nusu milioni ili iwe zawadi ya bahati nasibu. Mshindi, mwaka 1996, alikuwa mfanyakazi wa posta wa Florida. Furaha yake haikudumu, kwani sheria ilimtaka alipe kodi ya zawadi hiyo, naye hakuwa na fedha. Ikabidi kadi ipelekwe mnadani Christie's, ikauzwa kwa dola 641,500. Mwaka 2000 ilipita dola milioni moja na laki mbili. Mwaka 2007 ikauzwa mara mbili, kwanza kwa dola milioni 2.35, kisha kwa milioni 2.8, na huyo wa mwisho alikuwa Ken Kendrick, mmiliki wa timu ya Arizona Diamondbacks.

Kwa miaka mingi palikuwa na minong'ono kwamba kadi ile ina pembe kali kwa sababu imekatwa. Mwaka 2007 waandishi wawili wa gazeti la Daily News la New York, Michael O'Keeffe na Teri Thompson, waliitolea kitabu kizima. Hatimaye mwezi Oktoba 2013, mbele ya mahakama ya Chicago, Mastro alikiri kosa la udanganyifu katika biashara yake ya minada. Katika maelezo yake alikiri kwamba kabla ya kuiuza kadi ya Wagner aliikata kingo ili ionekane mpya, na hakumwambia mnunuzi. Alikiri pia kwamba katika minada yake zilipandishwa bei za uongo na watu wasiokuwa na nia ya kununua. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20.

Ndugu msikilizaji, nataka uone mahali penyewe palipokosewa. Faida ya dola 85,000 kwa miaka miwili si dhambi kwa kuwa ni kubwa. Mnunuzi wake alikuwa mtu mzima mwenye biashara zake, anajua kuhesabu. Mastro angeweza kumwambia, "Bwana, nimeipunguza kingo hizi kwa mkasi," na biashara ikawa halali hata kwa bei ile ile. Tatizo ni kwamba asingepata bei ile ile. Ukimya wake ndio uliokuwa na thamani ya fedha.

Haya si mageni kwetu. Wafanyabiashara wa pwani yetu waliolelewa katika mafundisho ya Kiislamu wanajua kwamba ila ya bidhaa ni lazima ionyeshwe. Wanajua pia neno najashi, yaani mtu kupandisha dau mnadani hali hana haja ya kitu, ili tu kumghilibu mwingine. Jambo hilo limekatazwa tangu zama za Mtume. Mahakama ya Chicago ililiita kwa jina jingine, lakini ni lile lile.

Na liko katazo la tatu katika mafundisho hayo, ambalo mimi naliona ndilo gumu kuliko yote kwa muuza kadi. Ni katazo la kuwalaki wenye misafara njiani. Zamani misafara ilipokuwa ikitoka bara na mali, wajanja wa mjini walitoka nje ya mji wakawapokea kabla hawajafika sokoni, wakanunua kwa bei ya kutupa kwa kuwa wageni hawajajua bei ya mjini. Hapo hapana kadi iliyokatwa, hapana dau la uongo. Hapana hata neno moja la uongo. Kuna mmoja anayejua na mwingine asiyejua, na yule anayejua amekimbia kwa makusudi ili amkute mwenziwe bado hajui.

Biashara ya kadi Marekani ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya mwendo huo. Katika miaka ya 1980, kadi za kale zilipoanza kuwa mali, wanunuzi walizunguka miji midogo na kutangaza magazetini kwamba wananunua masanduku ya darini. Mashuhuri wao alikuwa Alan Rosen, aliyejiita Mr. Mint, ambaye alitembea na mkoba uliojaa noti. Yeye simtuhumu, alijitangaza wazi na noti zake zilionekana na kila mtu. Lakini fikirieni masanduku yenyewe yalikuwa ya nani. Yalikuwa ya wajane, na ya kina mama ambao vijana wao walikwishahama. Mama mmoja anaambiwa atapewa dola 200 kwa takataka za mwanawe, anashukuru, anampikia mgeni kahawa. Nani kati yetu angekunywa kahawa hiyo kwa raha?

Niliahidi kurudi kwa mchezaji mwenyewe. Baadaye kadi zilihama kutoka kwenye sigara zikaenda kwenye chingamu. Kampuni ya Topps ya Brooklyn ilitoa mwaka 1952 kadi 407 zilizochorwa na kupangwa na mfanyakazi wake Sy Berger. Fungu la mwisho lilichelewa kutoka, msimu ukawa unakwisha, watoto wamekwishageukia mchezo mwingine. Masanduku yakabaki. Berger alisimulia kwamba mwaka 1960, baada ya kushindwa kuyauza hata kwa bei ya kutupa, aliyapakia kwenye tishari la taka na kuyamwaga baharini. Nilipolisoma hilo nilicheka, nikiwakumbuka wale waliotupa sukari usiku mwaka 1983. Hao walitupa kitu chenye thamani kwa hofu. Huyu alitupa kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitaka. Ndani ya fungu lile ilikuwamo kadi ya Mickey Mantle wa New York Yankees. Kadi moja ya aina hiyo, iliyonunuliwa kwa dola 50,000 mwaka 1991, iliuzwa mnadani Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6.

Enzi hizo Topps ilimlipa mchezaji wa ligi kuu dola 125 kwa mwaka kwa kutumia picha yake. Ilichukua ujio wa Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji kuanzia mwaka 1966, hadi wachezaji wakagoma kusaini tena, na mwaka 1968 kampuni ikakubali kulipa dola 250 pamoja na asilimia ya mauzo. Hiyo ni asilimia ya mauzo ya kiwandani. Kadi ikishatoka dukani, mchezaji hana chake tena, na nadhani hivyo ni sawa. Fundi seremala hadai fungu kila kiti chake kinapouzwa upya. Lakini seremala alilipwa kwa kiti. Wagner hakulipwa, kwa kuwa hakuuza.

Viwanda navyo vikanusa fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kadi zilichapwa kwa wingi usio na kifani, na wazazi wakanunua masanduku mazima wakiamini yatalipa ada ya chuo kikuu. Wenye mitambo walijua wanachapa ngapi. Wanunuzi hawakujua. Ulipokuja mgomo wa wachezaji wa mwaka 1994, fainali zikafutwa, na mashabiki wengi wakageuza kisogo. Masanduku yale leo hayalipi hata ada ya chekechea.

Kisha zikaja kadi za Pokémon kutoka Japani, ambazo zilianza mwaka 1996, na kwa hizo tumerudi moja kwa moja kwenye ulanguzi wa sukari. Mwezi Mei 2021 maduka ya Target huko Marekani yalisitisha kuuza kadi baada ya watu kushambuliana kwenye maegesho ya magari, kisa kadi. Mwezi Agosti 2025 McDonald's ya Japani ilitoa kadi hizo pamoja na mlo wa watoto. Watu wazima walinunua milo kwa mafungu, wakachukua kadi, wakaacha chakula kikitupwa, na kampuni ikalazimika kuomba radhi. Hapa sihitaji mahakama wala sheikh. Mtoto alisimama kwenye foleni na akaikosa, na aliyemzuia hakuitaka kadi hiyo hata dakika moja. Alichokuwa akikitaka ni ile hamu ya mtoto, ili amuuzie baba yake kesho yake. Huyo ni mlanguzi, na kadi yake ni sukari.

Hata hivyo msidhani kwamba daima mtoto ndiye anayeonewa. Kuna kesi moja ambayo nimewauliza wenzangu wengi hapa studio, na sijapata wawili waliokubaliana.

Mwezi Aprili 1990, katika mji wa Itasca, jimbo la Illinois, mvulana wa miaka 12 aliingia katika duka la kadi. Ndani ya kabati la vioo ilikuwamo kadi ya mwaka 1968 ya Nolan Ryan, mrushaji mashuhuri, ya mwaka wake wa kwanza kuchapwa. Kibandiko cha bei kiliandikwa 1200, bila nukta wala koma ya kuelekeza. Mwenye duka hakuwa kwenye kaunta. Duka lilikuwa limejaa watu, na aliyekuwa akiuza ni mfanyakazi wa duka la jirani aliyeombwa kusaidia, asiyejua kadi. Mvulana aliuliza kama bei ni dola 12. Yule mwanamke akakubali. Mvulana akalipa dola 12 akaondoka na kadi ya dola 1,200.

Mwenye duka alimtafuta, na alipompata akamfungulia mashitaka. Kijana alisema yeye alitaja bei na muuzaji akakubali, hakuiba, hakudanganya. Alikiri kwamba alijua kadi ina thamani zaidi ya dola 12.

Wenzangu wanaomtetea wanasema: wenye maduka ya kadi ndio hao hao ambao mtoto akiwaletea kadi ya kuuza, asiyoijua bei yake, wanamtupia dola mbili na kumwambia asante. Kila siku wanakula ujinga wa wengine. Siku moja mtoto amekula wao, wanakimbilia kwa jaji. Hoja hiyo ina ladha nzuri, nami nimeitamani. Lakini mtu aliyepunjwa pale kaunta hakuwa mwenye duka. Alikuwa mwanamke aliyekuja kusaidia jirani, ambaye jioni yake ilibidi aeleze fedha zimekwenda wapi. Mvulana alimtazama usoni, akajua kwamba hajui, akanyamaza. Mastro alinyamaza juu ya mkasi. Huyu alinyamaza juu ya nukta. Umri wake unanifanya nisimwite mhalifu. Haunifanyi niseme alifanya vema.

Kesi ilisikilizwa mwaka 1991. Mwenye duka alitaka kadi yake irudi. Ndipo kijana aliposimama kizimbani akasema kadi hiyo hana tena. Alikuwa amekwishaibadilisha na kadi nyingine mbili, moja ya Joe DiMaggio na moja ya Tom Seaver. Kabla jaji hajatoa hukumu, pande zote mbili zilipatana kwamba kadi ipigwe mnada na fedha zitolewe sadaka. Kwa kuwa nchi nzima ilikuwa imekwishasikia habari zake magazetini na redioni, kadi ile ya dola 1,200 ilinunuliwa kwa dola 5,000.